Begi la Chiriku Nyuma ya Mlango

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili ya mwisho wa mwezi, mchana.

Mpendwa Mama Mdogo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia? Shemeji yako aliniambia kwamba zamu za hospitali hazikupi hata nafasi ya kukaa ukanywa maji. Mganga hajigangi, najua, lakini jitahidi hivyo hivyo. Wagonjwa wapo siku zote, wewe uko mmoja.

Sisi hatujambo. Shemeji yako ni mzima na mikono yake imejaa grisi kama kawaida, maana joto hili limeua majokofu ya watu na kila mtu anataka lake lipone leo. Bibi miguu inamsumbua, ulimi bado mzima. Chiriku amerefuka, ukimwona leo utamtafuta ndani yake mtoto uliyemwacha. Mimi naendelea na kazi yangu ya pasi pale kwa dobi. Nashukuru Mungu.

Najua utashangaa kupata barua, tena kutoka kwangu. Mimi na wewe hatujawahi kuonana, na simuni tumesalimiana mara moja tu, harakaharaka, kama watu wanaopishana mlangoni. Nakuita Mama Mdogo kwa kinywa cha mtoto, nawe uniwie radhi kama nimevuka mpaka. Lakini ninayotaka kukueleza hayafai kusemwa huku mtandao unakatika na mtu mwingine amesimama nyuma ya mlango. Yasome ukiwa umekaa.

Siku niliyoingia nyumba hii kama mke, Bibi aliniita jikoni. Akausukuma mlango kwa kisigino, akaendelea kupangusa sufuria, na bila kunitazama akasema, "Mtoto anajua mama yake amesafiri. Amekwenda kwa mdogo wake, mbali. Ndivyo tulivyomwambia na ndivyo itakavyobaki mpaka apate akili. Usije ukamtia maneno."

Nikasema, "Ndiyo, mama." Bibi harusi mpya aseme nini?

Sasa umeelewa, Mama Mdogo, kwa nini kila ulipopiga simu ukimwulizia mtoto ulikuta amelala, au yuko shule, au mtandao mbaya. Kwa hesabu ya nyumba hii, dada yako alikuwa kwako. Wangekupaje mtoto umsalimie, naye akakwambia, "Nipe mama"?

Siku ya maziko walimpeleka Chiriku kwa ndugu wa Bibi, akakaa huko mpaka watu walipotawanyika. Kisha wakahama. Mtaa mpya, shule mpya, majirani wasiojua chochote. Sikuwapo, lakini naamini walifanya hivyo kwa huruma. Mtoto alikuwa mdogo sana na alikuwa anamganda mama yake kama kupe. Bibi alifikiri atamsahau pole pole, bila kujua kwamba anamsahau. Lakini njia ya mwongo ni fupi, hata mwongo mwenyewe akiwa na nia njema.

Wiki yangu ya kwanza, nilikuwa nampaka mafuta ya nywele, akaniuliza, "Anti, wewe utakaa hapa mpaka mama arudi?"

Nilijibu, "Nitakaa." Akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima aliyepata jibu la kazi, akaendelea na mambo yake.

Nije kwenye nguo. Mimi, Mama Mdogo, ni mtu wa mstari. Nimepiga pasi tangu usichana, nikiona shati halina mstari wa mkono nawashwa. Kwa hiyo nilichukua nguo za mtoto, nikazinyoosha, nikazipanga kabatini bapa, moja juu ya nyingine. Niliporudi jioni kutoka kazini nikakuta rafu nzima nguo zimeviringishwa kama mikeka, nene kama mkono, zimekazwa hasa, zimepangwa kwa safu kama mikate dukani.

Nilimuuliza Bibi. "Mimi? Kwa mgongo huu?" Shemeji yako sikuwa na haja ya kumuuliza, mtu ambaye hata leso yake huitia mfukoni kama anaziba tundu la panya. Mtoto sikumfikiria. Ile kazi ilikuwa ya mkono wa mtu mzima aliyezoea.

Nikazikunjua, nikazinyoosha upya. Kesho yake zikawa zimeviringishwa tena. Halafu nikaanza kuzikuta mahali pengine: blauzi nyuma ya pipa la maji, soksi zilizofungwa ndani ya sketi chini ya mto wa kiti, gauni dogo ndani ya sufuria kubwa tusiyoitumia. Kila moja ngumu, nzito kidogo, yenye joto la mkono. Nakwambia kweli, nilianza kuiogopa nyumba. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini nabisha hodi kwenye mlango wa chumba changu mwenyewe.

Nilimdokeza jirani yetu, yule tunayemwita Mama Redio kwa sababu hazimiki. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mke wa kwanza hahami, mwanangu. Hubadilisha chumba tu." Nami nilicheka. Nilipofika kwangu nikaona sikucheka kwa moyo. Nilikaa kitandani nikatazama lile kabati, nikasema kwa sauti ndogo, "Dada, mimi sikukufukuza." Usinicheke. Ndivyo nilivyofanya.

Kisha mchana mmoja dobi alifunga mapema, umeme ulikuwa umekatika. Nikamkuta Chiriku sakafuni.

Alikuwa amelaza fulana kifudifudi. Akapinda upindo wa chini kwa nje, upana wa kiganja, ukawa kama mfuko. Akaingiza mikono ya fulana ndani, akaweka juu yake sketi, chupi, akazisawazisha kwa kiganja. Kisha akaanza kuviringisha kutoka shingoni kuja chini, anakandamiza kwa vifundo vya vidole, na alipofika kwenye ule mfuko akaugeuza ukaumeza mviringo wote. Ungeutupa ukutani usingefunguka. Na muda wote huo alikuwa anasema, lakini si kwa sauti yake. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya taratibu, yenye utani ndani yake: "Laini kwanza. Mikono ndani. Usiache hewa, mama, hewa inakula nafasi."

Nilijua namsikiliza nani.

Niliketi chini karibu naye. Nikamuuliza nani alimfundisha. "Mama. Siku alipofunga begi lake." Akanieleza kama anayemfundisha mwanafunzi mzito: kila mviringo unaitwa mkate, na mkate mmoja ni siku moja. Nguo zote za siku hiyo zimo ndani, mpaka soksi. Ukiwa ugenini hupekui begi la watu wakakuona huna mpango, unatoa mkate wako, unavaa, siku imekwisha. "Alisema nikae tayari. Akitoka hospitali tunakwenda wote kwa mama mdogo. Halafu Bibi akasema ametangulia."

Akanionyesha begi nyuma ya mlango wake. Nilikuwa nimeliona siku zote, nikidhani ni la michezo ya shule. Lilikuwa limejaa mikate. Mama Mdogo, mtoto huyu alikuwa anakua, na kila alipokua alitoa begini kilichombana akaingiza kinachomtosha. Kwa hiyo nguo nzuri zinazomkaa vizuri zilikuwa begini miaka yote, na shuleni alikwenda na zile zinazombana kwapani. Bibi alikuwa akimgombeza kwamba anazimaliza nguo. Hakuwa anazimaliza. Alikuwa anaziweka.

Na ile mikate niliyokuwa naikuta nyuma ya pipa na ndani ya sufuria? Ilikuwa ile isiyoenea begini. Akiba.

Nilimwambia shemeji yako jioni ile. Aliacha kula. Akasema, "Ataacha mwenyewe." Nikamwambia haachi, anakomaa. Akasema, "Mwachie mama." Mama ni Bibi, na Bibi alikuwa amekwisha toa amri yake. Nikanyamaza, nikaendelea kuishi na dada yako ndani ya nyumba, maana sasa nilimsikia waziwazi, kila alasiri, mlango wa pili: laini kwanza, mikono ndani.

Kuna siku nilikuta begi langu la harusi limewekwa mlangoni. Nguo zangu zote zimo, zimeviringishwa, sare zangu za kazi zikiwa juu kabisa ili nizipate kirahisi. Nikamwita.

"Chiriku, nani kanifungia begi?"

"Mimi, Anti."

"Nakwenda wapi?"

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemwonea mwenziwe huruma. "Kwenu. Naona mama anakaribia kurudi. Sikutaka uhangaike siku hiyo."

Hakuwa na chuki hata chembe. Alikuwa ananisaidia. Nilikwenda bafuni nikafungua bomba nikakaa pale mpaka ndoo ikafurika.

Sasa hili linalofuata linakuhusu wewe, lakini tafadhali lisikuingie kama lawama. Si kosa lako. Ulimtumia shemeji yako ujumbe wa sauti, unakumbuka? Ulisema umemkumbuka sana Chiriku, kwamba vitu vyake viko kwako vinamsubiri, na ipo siku utamwona. Maneno ya shangazi au mama mdogo yeyote. Shemeji yako aliacha simu mezani ikichaji, akaingia kuoga. Mtoto akaibonyeza.

Hakuna aliyeniambia kwamba sauti yako na ya dada yako ni moja. Baadaye shemeji yako alisema hata yeye, enzi za uchumba, alikuwa akipiga simu kwenu anaanza kwa kuuliza, "Naongea na nani?" ili asije akamwambia shemeji maneno ya mchumba. Lakini kwa Chiriku sauti ile ilikuwa ya mtu mmoja tu. Na ilikuwa inasema: nimekukumbuka, vitu vyako viko hapa.

Asubuhi alikunywa chai yake, akavaa sare, akaaga. Begi halikuwa nyuma ya mlango, lakini nani angeangalia? Mimi nilikuwa katikati ya mashuka ya watu pale kwa dobi wakati simu ya shemeji yako iliponifikia. Alisema neno moja tu, "Stendi," kisha nikamsikia anapumua.

Mkata tiketi ndiye aliyemwokoa, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba. Alinisimulia yote. Mtoto alisimama dirishani kwake akataja mji wako, sawasawa, bila kukosea. Yule mama akamwambia, "Mwanangu, huko hakuendi basi. Huko kunaendwa kwa ndege."

"Basi nikatie mpaka pale basi linapoishia," Chiriku akasema. "Hapo nitauliza."

Mkata tiketi akaacha dirisha, foleni ikalalamika, yeye akatoka nje akamkalisha kwenye benchi. Akalifungua begi kutafuta namba ya simu. Alisema amekata tiketi miaka mingi, ameona watu wamefunga mizigo kwa kamba, kwa shuka, kwa matusi, lakini hajawahi kuona begi la mtoto limepangwa vile, na lilimtisha kuliko kama angelikuta tupu. Kwa beji ya sweta akapiga simu shuleni, na shule ikampata baba.

Nilipofika, shemeji yako alikuwa amesimama nyuma ya nguzo. Mtoto yuko pale mbele, mgongo wima, begi mapajani, na baba mtu ameshindwa kuvuka sakafu. Alinitazama kwa macho ya kunisihi. Nikajua nikiacha hapa, atapangwa uongo mwingine juu ya ule wa kwanza, na utakuwa mrefu kuliko yeye.

Nikaenda nikaketi karibu naye. Kipaza sauti kilikuwa kinaita abiria wa gari linaloondoka.

"Ile sauti si ya mama yako," nikamwambia. "Ni ya mama yako mdogo. Wanafanana sauti, tumbo moja."

Alilivuta begi karibu na tumbo.

"Mama yako hayuko kwake. Mama yako hakutoka hospitali, Chiriku. Alifariki kule kule. Hakukuacha, na hakusahau kukufuata. Amekufa, mwanangu. Harudi."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio. Nilikuwa nimetandaza mikono kabisa. Yeye alikaa akichezea zipu ya begi. Kisha akauliza, "Alikwenda bila begi lake?"

Sikujua begi hilo liliishia wapi. Nikageuka kumtazama baba yake, naye alikuwa amekuja mpaka nyuma ya benchi bila sisi kumsikia. Akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Begi lilirudi. Liko karakana."

Tulikwenda moja kwa moja, mtoto na sare yake ya shule, mimi na aproni ya dobi. Unaijua karakana yake? Majokofu yamesimama pande zote kama watu kwenye foleni, milango wazi. Kule mwisho kuna friza moja kubwa, jeupe, limefungwa kwa kufuli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeona wateja wakiliulizia bei, naye siku zote hujibu, "Hilo bovu, halitengenezeki." Akatoa ufunguo mfukoni, si kwenye droo, mfukoni. Akainua mfuniko. Ndani hamkuwa na baridi. Kulikuwa na begi la kahawia tu, katikati.

"Nilishindwa kulifungua," akasema. "Na nilishindwa kulitupa. Huja nikafungua friza, nikalitazama, nikafunga."

Chiriku aliinama akalivuta mwenyewe, akakaa nalo sakafuni, akafungua zipu.

Juu kulikuwa na nguo chache zimesokomezwa tu, bila shaka na mkono wa mtu wa wodini aliyekuwa na haraka. Hizo dada yako alikuwa amezivaa. Chini yake mikate, safu kwa safu, imekazwa kama siku iliyofungwa. Dada yako alijifungia siku nyingi, Mama Mdogo. Alikuwa na nia ya kupona. Chiriku akapitisha kidole juu ya ile mikate akasema, "Hizi hakuzigusa." Akatoa mmoja, akageuza ule mfuko wa upindo, ukafunguka mikononi mwake, na harufu ikatoka. Sina namna nyingine ya kulisema. Sikumjua dada yako akiwa hai, lakini pale alipita. Sabuni, mafuta ya nywele, na kitu kingine cha mwili wa mtu ambacho hakina jina. Shemeji yako aliketi juu ya kompresa ya jokofu bovu akafunika uso.

Ndani kabisa ya mkate ule, katikati, kulikuwa na blauzi ya manjano ya mtoto mdogo. Chiriku akaishika. "Niliitafuta hii," akasema. "Bibi alinichapa kwa sababu nimeipoteza." Dada yako alikuwa amekwenda nayo. Sijui ni ya kunusia au ya kujifariji, wewe uliyemjua utajua.

Nilimuuliza mtoto kama ana swali. Akafikiri. "Nilikuwa najua kidogo, Anti. Lakini hakuna mtu aliyelia. Nikasema labda siyo kweli, mbona hakuna mtu aliyelia?"

Nyumbani palikuwa moto. Bibi alituona tukiingia na begi lile la kahawia, akashika kizingiti. "Umemwambia."

"Nimemwambia, mama."

"Nani kakutuma? Wewe umezaa nani ujue uchungu wa mtoto?"

Lile neno lilinichoma, sikufichi. Nilimjibu kwamba sijazaa, lakini ndimi niliyeketi naye stendi. Akaingia chumbani kwake akafunga. Tangu hapo tukawa tunasalimiana kwa kuwekeana vikombe tu. Chakula anakula, shukrani hakuna. Shemeji yako akawa katikati yetu kama kitambaa cha meza, kila mtu anamvuta upande wake.

Chiriku hakulia siku zile. Alirudi shule. Lakini begi lake hakulifungua, na la mama yake aliliweka pembeni yake, nyuma ya mlango, mawili sasa. Naye aliendelea kuviringisha, kimya, bila ile sauti. Nilijikuta naikosa. Nasimama nje ya mlango nasubiri "laini kwanza", na haiji. Nyumba ilikuwa ya kutisha zaidi bila yake.

Kabla sijafika kwenye la leo, nina ombi. Piga simu, Mama Mdogo. Sasa hakuna wa kukuzuia. Nimemweleza mtoto kwamba atakayemsikia ni wewe, na kwamba sauti inafanana. Alinijibu, "Najua. Nataka kusikia tu." Kwa hiyo usitafute maneno makubwa. Mweleze ulichopika, mvua, wagonjwa wako wakorofi. Na ukijisikia kulia, lia. Usijizuie kwa ajili yake. Kujizuia kumetosha nyumba hii.

Sasa la leo asubuhi. Chiriku alikuja kunikuta natayarisha ndoo za kufulia, akiwa amekumbatia begi la kahawia. Akasema, "Tuzifue. Zimekaa mno." Nikamkumbusha kwamba zikifuliwa ile harufu itaondoka. Akasema anajua, na mkate mmoja ameuficha, haufui, nisimuulize uko wapi. Sikumuuliza.

Tulizifua pamoja, tukazianika uani, kamba nzima. Unajua nguo iliyokaa miaka imeviringishwa haikubali kunyooka. Pindo zilikuwa zinajikunja juu zenyewe, mikono ya magauni inajipinda kwa ndani, hata zikiwa mbichi. Upepo ulipokuja gauni moja la bluu likajaa, likageuka taratibu kwenye kamba, mabega yake, kiuno chake, kama mtu aliyeitwa anageuka kuitikia. Mimi mwenyewe mtu wa nguo nilirudi nyuma hatua.

Hapo Bibi akatoka na kigoda chake. Alikuwa hajatazama juu. Alipotazama, kigoda kilianguka. Alisimama akalikodolea lile gauni, mkono kifuani, midomo inacheza, akamwita. Alimwita dada yako vile alivyokuwa akimwita, "Mkwe wangu," kwa sauti ya kubembeleza, kama mtu anayemkaribisha aliyechelewa.

Chiriku aliacha chano cha vibanio, akaenda akamshika kiwiko. "Bibi, usiogope," akamwambia. "Ni nguo tu. Zinakauka."

Bibi akakaa chini pale pale, kwenye maji ya sabuni, akalia. Alilia kwa sauti, Mama Mdogo, kilio cha msiba chenyewe, cha kuita na kuuliza, mpaka Mama Redio akachungulia juu ya ukuta, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakosa la kusema. Shemeji yako akatoka mbio na mswaki mdomoni. Chiriku alimtazama bibi yake kwa muda mrefu, kama anayehakikisha jambo. Kisha uso wake ukavunjika, akamwangukia mapajani, wakalia wote wawili. Niliwaacha. Nilisimama nikishikilia kamba isije ikakatika.

Sasa ni mchana, wamelala kitanda kimoja, nami nimepata nafasi ya kukuandikia. Nguo bado ziko nje. Sitazipiga pasi.

Shemeji yako anakusalimu, anasema atakuandikia mwenyewe akiweza. Mama Redio anakusalimu ingawa hamjuani, hawezi kupitwa. Chiriku anakusalimu, na amesema hizo zawadi zake zikae huko huko, atakuja kuzichukua akiwa mkubwa, kwa ndege.

Bibi aliamka kidogo nilipokuwa naandika, akaniuliza namwandikia nani. Nikamwambia. Kisha akaniomba niandike kama anavyosema, nisiongeze. Anasema: pole kwa msiba, mwanangu. Pole sana. Anasema ilimpasa akupe pole siku ile, nawe ulikuwa peke yako nchi ya watu, na hakuna aliyekaa nawe.

Mungu akufunike, akulinde usiku na mchana, akuepushe na kila la kukuvunja moyo.

Wako akupendaye,
Anti yake Chiriku